Hoja ya Ukaguzi

Kwa rula ileile ya plastiki
ninayopitishia vitabu vya halmashauri,
Jumapili usiku, Ipagala, upepo wa Agosti ukitikisa bati,
niliishuka taarifa ya kadi yangu mstari kwa mstari:
petroli, duka la dawa, ada ya Nyemo,
na tarehe kumi na nne
jina lisilo na irabu hata moja,
konsonanti sita na nyota.
Mdomo wangu haukupata pa kufungukia.

Shilingi ishirini elfu, mia moja kumi na nne.

Nikarudi mwezi wa nyuma. Lipo.
Ishirini elfu, mia tatu na sita.
Wa nyuma yake. Lipo, limegeuza rangi kama kinyonga,
maana dola hupanda na kushuka
na huyu hatozi kwa lugha yetu.
Mwezi wa kumi na saba karatasi zikaniishia.

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hakuna aliyesema kibaba cha nani.

Na mimi ni Amosi Ndahani, mkaguzi wa ndani,
niliyemsimamisha mtendaji wa kijiji kule Bahi
juani, mbele ya wajumbe wake,
kwa elfu kumi na nane za misumari isiyo na risiti.
Alishika kofia kwa mikono miwili.
Jina lake lilinitoka. Namba ya hoja ninayo: saba.
Nilimwuliza, "Uliidhinisha wewe?"
Akasema, "Bwana mkaguzi, sikumbuki."
Nikaandika: majibu hayaridhishi.

Jumatatu, benki, nyuma ya kioo,
binti mwenye beji ya Veneranda
aliniuliza bila kuinua sauti,
"Baba, uliidhinisha wewe?"

Sikumbuki.

Yeye hakuandika kitu.
Alisogeza kiti, akasema, "Huanza na siku saba za bure.
Ukiisahau ya nane, hiyo ni ndoa."
Tukachimba barua pepe zangu kama watu wa kwetu
wanavyochimba mchanga wa mto kiangazi,
hadi chini kabisa, Aprili ya mwaka jana, ikatoka:
*Karibu. Lala kwa sauti ya mvua.*

Hapo nikakumbuka, na masikio yakapata moto.
Ule mwaka mvua ilikata Februari.
Uwele wa mama, Mpunguzi, ulifia kiunoni,
naye akanipigia simu kuniambia nisihangaike,
na kwa neno hilo nikahangaika hadi saa tisa usiku,
simu usoni, kidole kikagusa.
Ilinyesha. Juu ya majani mapana ya nchi nyingine,
mvua isiyo na radi wala tope.
Nililala usiku wa kwanza, wa pili, wa nne.
Kisha nikapona, au nikachoka, nikasahau.

Miezi kumi na saba nimenyeshewa kwa kadi
na sijalowa hata kola.
Laki tatu na arobaini na kitu:
mahindi ya mama mpaka mavuno.

"Tuifunge?"
"Ifunge."
Mkasi ulilia mara moja tu.
"Ya miezi miwili huenda ikarudi," alisema.
"Hizo nyingine, baba, uliidhinisha."
Fomu ilikuwa na mistari mitatu ya maelezo.
Niliandika: *sikuitambua.*
Nikakata. Nikaandika: *niliitambua nikiwa nimechelewa.*
Alisoma, akagonga muhuri, akaita namba inayofuata.

Mganga hajigangi, sawa.
Lakini jioni ile nilirudi ofisini Mtumba,
walinzi wakanishangaa,
nikalivuta kabrasha la Bahi lenye vumbi jekundu.
Anaitwa Chiloleti Masima.
Misumari ilikuwa ya paa la darasa la tatu.
Pembeni, kwa penseli, mtu ameandika: *paa lipo, nimeliona.*
Mwandiko ni wangu.

Hoja namba saba
bado haijafungwa.